Siku moja kitaluni kwangu Ilula, Iringa: miiba, shore na mzee wa mbuzi

Saa 11:30 alfajiri. Kinachoniamsha si jogoo, ni ndege, shore. Wako ua wa nyuma wanagombania mitandamboo, miti yangu ya miiba ya kupanda ua, na Desemba hii matunda yameiva mpaka yamekuwa meusi. Nikichelewa kidogo tu nakuta wamebakiza yale mekundu ambayo bado machungu. Basi navaa gambuti, nachukua kindoo, natoka hata uso sijanawa.

Miiba ya mtandamboo ni mirefu na migumu. Ukiingiza mkono kwa pupa unautoa umechorwa. Nachuma matawi ya chini na ya kati, ya juu nawaachia ndege. Si kwamba nina huruma sana, mkono haufiki.

Saa 1. Uji, watoto, sare za shule. Tuendelee.

Saa 2. Nayaponda matunda kwa vidole ndani ya beseni la maji. Nyama na maganda vinaelea, mbegu zinazama, mbili tatu kwa kila tunda. Kuna utomvu mweupe unaonata kama gundi, na sabuni haiutoi. Napaka mafuta ya kula kwanza ndipo nanawa. Mbegu nazianika kivulini, nazisia siku ileile au kesho yake. Mwaka juzi nilijifanya mjanja, nikazianika juani kama mahindi nikazitunza koponi hadi msimu uliofuata. Kitalu kizima ikaota miche ya kuhesabu kwa vidole. Viriba, samadi, maji ya kubeba kichwani, vyote bure.

Saa 4. Anaingia mzee mmoja kutoka kijiji cha jirani.

"Kamwene!"

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una miti ya ua. Mbuzi wa watu wananimaliza."

Namwonyesha. Anasoma kibao: Carissa spinarum. Nimeandika jina la kitaalamu kwa makusudi, maana jina la Kiswahili likisomwa kwa sauti mbele ya wateja, akina mama wanajifunika kanga na vijana hawafanyi kazi tena. Mzee anaangalia jani, anakwangua tawi, anaona utomvu, anacheka peke yake.

"Aaa! Si mtandamboo huu? Sisi mizizi yake tulitia kwenye supu. Leo unauzwa?"

Unauzwa, shilingi 500 mche. Anataka ua wa mita 30, na mimi napanda kila nusu mita, kwa hiyo miche 60. Tunabishana mpaka elfu 25. Namweleza mara mbili: miaka ya mwanzo mti huu unakua polepole, miiba yake bado laini na mbuzi wanaupenda, kwa hiyo auzungushie matawi makavu ya miiba. "Nimesikia, mwanangu." Guta linabeba miche, yeye anasema atafuata kwa miguu, kuna mtu anapitia kumwona. Msimu huu wa ulanzi, pombe ya mianzi, sikuuliza ni nani.

Saa 6. Nazunguka ua na kijiko kikubwa. Chini ya nguzo ambazo shore hupenda kutua, miche inajiotea yenyewe. Leo juu ya nguzo moja kuna kinyesi cha rangi ya zambarau, ndani yake mbegu mbili zimeoshwa safi kuliko zangu za beseni. Chini yake nang'oa vimche saba, navihamishia kwenye viriba. Vibarua hawa siwalipi, wala hawachelewi kazini.

Saa 8 mvua inanyesha. Nalala.

Saa 10. Jirani mwenye shamba la nyanya ananisimamisha njiani.

"Dada, ndege wako wamedonoa nyanya zangu."

Sikatai, shore hudonoa nyanya. Lakini nimechungulia midomo yao wakati wa kulisha makinda: wanabeba viwavi. Na mitandamboo ikichanua, yale maua meupe yenye harufu tamu yanajaa nyuki, ambao baadaye wanaingia kwenye maboga yake. Namwambia hayo, naye ananiambia viwavi ana dawa ya kupiga. Hapo hatukuelewana. Ameondoka na miche miwili ya parachichi, kwa mkopo.

Saa 2 usiku. Nipo na taa ya simu na sindano, natoa mwiba uliobaki kwenye kidole gumba. Simu inaita, ni mzee wa asubuhi.

"Mwanangu, ile miche guta liliiacha getini."

"Ehe, baba?"

"Nimechelewa kidogo kufika. Imebaki 41."