Kina mama wa Mwaloni getini Ndabaka

Juni 2019 kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilivunja kikoba, na kabla mtu hajabeba hisa zake kina mama wakakubaliana kutoa fungu la safari ya Serengeti. Wengi wao walikuwa wauza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mimi nilikuwa katibu, kwa kuwa mama yangu ni mwanachama tangu kikundi kianze na mwandiko wangu unasomeka. Wanawake hawa walikuwa wamepita mbele ya Ndabaka, geti la magharibi la hifadhi, miaka nenda miaka rudi, kwenye mabasi ya Musoma na Sirari, wakichungulia dirisha la kulia waone pundamilia. Kuingia ndani hakuna aliyewahi.

Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima kilikuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi. Hela hiyo mama wa Mwaloni anaipata. Kazi ni usafiri, maana hifadhini huingii na bodaboda, tena kuna ile dhana iliyotukaa hapa Mwanza kwamba mbuga ni mambo ya Wazungu. Nimeisikia tangu utoto na sijawahi kuipenda. Tukakodi Coaster.

Tuliondoka giza likiwa bado nene, baada ya sala ndefu iliyoombwa tukiwa tumeshikana mikono kando ya gari. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku mwezi huohuo, kwa hiyo chakula kilipangwa kwenye vikapu na ndoo: wali, sato wa kukaanga, na matobolwa ya viazi vitamu ambayo yalianza kuliwa hata Nyanguge hatujafika. Magu tulipita watu wanafungua maduka. Lamadi tukanunua maji.

Getini tulipokewa na kijana muongoza watalii tuliyekuwa tumekubaliana naye kwa simu. Alisema, "Shikamooni mama zangu," Coaster nzima ikaitika. Kisha akatutazama. Tulikuwa tumeshona sare, kitenge cha bluu iliyoiva, kila mtu na mshono wake.

"Mmependeza sana," alisema. "Ila rangi hiyo mbung'o wanaifuata. Mwenye khanga nyeupe au ya njano ajifunike, na vioo vifungwe tukifika kwenye miti."

Hatukwenda mbali tukaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa kando ya barabara. Ni mitego yenye dawa, akatueleza. Mbung'o huvutwa na rangi, akitua anakufa. Bibi mweka hazina, mkubwa wetu kwa umri, hakuhitaji maelezo. Baba yake alimsimulia jinsi Wasukuma walivyofyekeshwa mapori enzi za mkoloni ili mbung'o wakose kivuli, kwa sababu ya ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Alikuwa akisimulia huku anasukuma kioo kwa viganja viwili. Vilevile waliingia. Mbung'o anauma kupitia kitenge, na pale alipouma panavimba na kuwasha hadi kesho yake.

Nyumbu tuliwasikia kabla ya kuwaona vizuri. Dereva alizima injini, na ile sauti ikatujia kutoka pande zote, nzito, ya puani, haikatiki, kama Mwaloni alfajiri mitumbwi inapotia nanga na kila mtu anaita bei yake. Mimi nilikuwa nimesoma shuleni kwamba ni zaidi ya milioni moja na kwamba kila mwaka huzunguka kufuata mvua na majani, wakatoka kusini kwenye nyasi fupi, wakapita huku magharibi kati ya Mei na Julai, kisha wakaelekea Mara. Kusoma na kuwatazama ni vitu viwili tofauti. Walikuwa wanapita kwa mstari mbele ya gari, mmoja nyuma ya mwenzake, ndevu zinapepea, ndama wa mwaka huo wakikimbia ubavuni mwa mama zao. Mstari haukuisha. Mama yangu, ambaye alizaliwa kijiji cha mwambao si mbali na Lamadi, alikuwa amesimama kwenye korido ameshika kiti cha mbele.

"Nilipokuwa msichana walikuwa wanakuja kunywa ziwani," alisema. "Kiangazi kikikaza. Tulikuwa tunateka maji upande huu, wao upande ule."

Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia hilo.

Mto Grumeti ndio uliowagusa zaidi wauza dagaa. Mamba tuliwaona, wakubwa, wamelala tope limewakaukia mgongoni, na kwenye miti ya ukingoni mbega weusi kwa weupe wanaruka. Lakini muongoza watalii alipotaja kwamba Grumeti na mwenzake Mbalageti humwaga maji yao Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke, mazungumzo yalibadilika. Hiyo ghuba wanaijua. Dagaa wao wengine wanatoka huko. Wakaanza kuuliza: msitu huu ukikatwa, maji yatafikaje kule? Mvua ya huku inaletwa na ziwa? Akawajibu kwamba ndiyo, upande huu wa magharibi hupata mvua zaidi kuliko nyanda za kusini mashariki kwa sababu ya ziwa. Kijana wa watu alijibu kila swali bila kuchoka, na mengine nikayaandika kwenye daftari la kikundi.

Kisha tembo. Familia ya majike na watoto, karibu kabisa na barabara. Land Cruiser mbili za wageni zilikuwa zimesimama pale tayari, watu wametoa vichwa juu ya paa na kamera zao, nasi tukasimama nyuma yao. Jike mmoja alikuwa anang'oa majani kwa mkonga, fungu zima na mizizi yake, anayapiga kwenye mguu wa mbele mara mbili tatu ili udongo udondoke, ndipo anatia kinywani. Kina mama walikuwa wanashangilia kwa kunong'ona. Mmoja tu alikuwa kimya, yule mwenye shamba kwao Bunda, kijiji kilichopakana na hifadhi.

"Hata mahindi yangu waliyakung'uta hivyohivyo," alisema.

Gari likatulia. Alieleza jinsi yeye na kaka yake walivyokesha wakipiga madebe, wakachoma pilipili kwenye kinyesi cha ng'ombe, na asubuhi shamba lilikuwa limelala chini. Bwana mmoja wa ofisi alikuja akapima, fomu ikajazwa. Kifuta jasho, pesa ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, ambacho kwa kanuni za mwaka 2011 hakikuzidi shilingi 100,000 kwa ekari, kilimfikia msimu uliofuata ukiwa umeshapita, na watoto walikuwa wamekula mahindi ya kununua muda wote huo. Muongoza watalii alisema, "Pole mama," na hakuongeza neno la kutetea. Nilimheshimu kwa hilo. Naipenda Serengeti na nataka wajukuu zangu waikute, na kwa sababu hiyohiyo nasema mwanamke yule alistahili kulipwa kabla ya mvua za kupandia. Yeye ndiye anayelala na tembo mlangoni. Sisi wengine tunakuja na vikapu vya wali, tunaondoka.

Aliendelea kuwatazama hadi walipoingia vichakani. Alitaka kujua yule jike ana umri gani, na mtoto ananyonya mpaka lini.

Tulitoka getini kabla ya saa kumi na mbili jioni, kama sheria inavyotaka. Tulipofika Magu bibi mweka hazina alinidai daftari lifunguliwe, waliotaka safari ya mwaka ujao waandikwe hapohapo kabla hawajabadili mawazo. Wengine wakataka kisiwa cha Rubondo, wakaone sokwe. Zamu ya mama wa Bunda ilipofika alisema, "Niandike Serengeti. Ila gari lianzie shambani kwangu, mpaone, ndipo turudi getini."

Bibi mweka hazina akauliza kama Coaster inafika huko shambani. Akajibiwa inafika, kiangazi.