Huyu fangasi tumpige wapi?

Juzi shangazi kaniuliza hivi usiku kucha unafanya nini huko kazini, nikamwambia natafuta fangasi kwenye vichwa vya watu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Fangasi si zile za vidoleni, mwanangu? Si mnapaka dawa tu?"

Sikumjibu vizuri, ndo maana naandika.

Mi ni mtu wa maabara. Ikiletwa sampuli ya maji ya uti wa mgongo naweka tone kwenye slaidi, naongeza tone la wino mweusi, nafunika na kakioo, nachungulia. Kama hamna kitu ni giza tupu. Ila akiwepo huyu jamaa Kriptokokasi, fangasi anayeshambulia ubongo na utando wake, aisee, ni kama umesimama ufukweni Mwanza usiku unaangalia taa za wavuvi wa dagaa, vidoti vinang'aa kwenye weusi na kila kimoja kimezungukwa na duara la mwanga. Hilo duara ni koti lake la sukari sukari, wino haupenyi, na askari wa mwili nao wanashindwa kumkamata vizuri. Inapendeza kuangalia, mpaka ukumbuke hayo maji yametoka kwa mtu aliyelala wodini kichwa kinampasuka.

Wengi anaowaua ni wenye VVU ambao kinga imeshuka sana. Kwa makadirio ya 2020 ni kama watu 112,000 kwa mwaka duniani, na wengi wao ni Afrika hii hii yetu.

Sasa mbona bakteria wana antibayotiki kibao, halafu fangasi dawa zake unahesabu kwa vidole? Shida ni undugu. Bakteria ni mtu baki, vitu vyake vingi havifanani na vyetu, unampiga mwenyewe hujigusi. Fangasi ana seli yenye kiini kama yetu, anatengeneza protini karibu kama sisi, kwa hiyo jiwe unalomrushia yeye linakupata na wewe. Shangazi nilipomweleza hapo akasema kama ni ndugu basi iitishwe kikao cha ukoo lol.

Kwa hiyo wanasayansi wanachotafuta ni kitu alichonacho yeye na sisi hatuna. Cha kwanza ni mafuta ya ngozi ya seli, sisi tuna kolesteroli, yeye ana ergosteroli. Dawa ya amfoterisini, ambayo ilitokana na bakteria wa udongo wa Venezuela miaka ya 50, inang'ang'ania hiyo ergosteroli na kutoboa seli, ila haibagui sawasawa, figo zinaumia, potasiamu inashuka, mgonjwa anatetemeka na mablanketi yake yote. Kuna dawa zingine zinapiga ukuta wa fangasi, na sisi ukuta hatuna kabisa, safi sana si ndio? Kriptokokasi hata hashtuki.

Ninayoipenda mimi ni flusitosini. Ilitengenezwa 1957 kwa ajili ya kansa ikafeli, maana seli zetu hazina kimeng'enya cha kuigeuza kuwa sumu. Fangasi anacho! Anaimeza, anaipika mwenyewe, anajipalia makaa. Utafiti uliotoka 2018, na Tanzania tulikuwemo, ulionyesha inaokoa watu ikichanganywa na amfoterisini, halafu 2022 ukaja mwingine, Uganda wakiwemo, kwamba dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa kwenye mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli (dawa nyingine ya fangasi) kwa wiki mbili, inatosha. Ila hizo zote ni dawa za zamani, tumejua tu kuzipanga.

Pengine pa kumpiga ni kwenye joto. Fangasi wengi wakifika kwenye nyuzi 37 za mwili wa mtu hawakui, huyu anakua, na 1997 ikaonyeshwa kwamba anahitaji protini inaitwa kalsinurini. Ukimnyang'anya, kwenye nyuzi 24 anakua vizuri tu, ila kwenye 37 hawezi. Na dawa ya kuizuia ipo, takrolimasi! Kumbe hiyo ndo wanayopewa waliopandikizwa figo ili kushusha kinga, maana kalsinurini na sisi tunayo. Yaani unampa mtu ambaye tayari hana kinga dawa ya kuondoa kinga. Undugu ule ule. 2019 watafiti wakachora umbo la ile ya fangasi na ya binadamu, wakakuta vitofauti vidogo, wakaichonga dawa upya ikawa haishushi kinga sana. Imejaribiwa kwa panya.

Huwa nasoma habari za panya kwa tahadhari. Sertralini, ile dawa ya sonona, nayo ilikuwa inaua huyu fangasi kwenye maabara na kwa panya, tukashangilia, ikaenda kujaribiwa kwa wagonjwa Uganda, majibu ya 2019 haikuokoa mtu zaidi ya dawa za kawaida. Mi nilisikitika kama timu yangu imefungwa dakika ya 90.

Kwa sasa macho yangu yako kwa fosmanogepix, dawa mpya inayozuia kimeng'enya kinachosaidia kufunga protini kwenye ukuta wa fangasi. Na sisi tuna binamu wa hicho kimeng'enya, ila dawa inampita tu bila kumgusa. Imeshafika kwa binadamu, wameanza na fangasi wengine, Kriptokokasi bado anasubiri foleni.