Siku tuliyopima mwendo wa riaksheni

Nilikua form three, shule moja ya kata huko Morogoro, maabara yetu ni darasa la kawaida tu lenye meza ndefu na ndoo za maji. Madam wa kemia akatugawa makundi, kila kundi bika, silinda ya kupimia, sodiamu thayosalfeti, asidi ya haidrokloriki na karatasi nyeupe yenye X ya peni. Kazi yenyewe ni kupima riaksheni, yani vitu hivyo viwili kubadilika kuwa vitu vingine, inaenda kasi gani: weka bika (kikombe cha kioo) juu ya ile X, tia thayosalfeti, mimina asidi, chungulia kwa juu, X ikipotea tu andika sekunde.

Ya kwanza tuliweka thayosalfeti 50 cm³ bila maji, sekunde 20 na kitu X haipo, salfa imeshajitenga bika zima limekua na ukungu wa njano, na ile harufu ya salfa daioksaidi inachoma pua mpaka tukafungua madirisha yote. Alafu 40 na maji 10, 30 na maji 20, tukashuka hivyohivyo. Jumla haibadiliki, na madam alisisitiza sana hapo, maana kina cha maji kikipungua unachungulia X kupitia salfa kidogo, kwahiyo muda unakudanganya.

Ile ya 10 na maji 40 ndo siisahau. Tumeinama vichwa vinagusana, hamna anaeongea, dakika nzima imepita X ipo, dakika na nusu bado inaonekana kwa mbali! Vitu ni vilevile, joto lilelile, ukolezi tu, yani wingi wa thayosalfeti ndani ya maji, ndo umeshuka. Madam akasema chembe zikibanana sehemu moja zinagongana mara nyingi zaidi, kama watu stendi ya daladala saa 12 jioni, ukiwatawanya uwanja mzima wanapishana bila kugusana. Tukachora grafu ya 1 gawanya kwa muda (ndo kipimo cha kasi) dhidi ya ukolezi na nukta zikakaa karibu kabisa kwenye mstari ulionyooka. Yani sentensi tuliyokua tunaikariri kwenye notisi, kwamba ukolezi ukipanda na kasi inapanda, sasa naiona imetoka kwenye sekunde tulizopima wenyewe, nilifurahi mno.

Kukawa na muda umebaki, rafiki yangu akauliza je tukipunguza asidi? Madam akaturuhusu. Tukapunguza makali ya asidi nusu, thayosalfeti tukaiacha, kila mtu anategemea muda utarefuka sana kwasababu kwenye mlinganyo, yani ule mstari wa kemia unaoonyesha vinavyoingia na vinavyotoka, asidi ndo ina 2 mbele yake. Wapi, tofauti ilikua ndogo! Tukarudia, vilevile. Madam akasema mlinganyo unakwambia nini kinatumika na kiasi gani, mwendo lazima uupime.

Form five ndo nikakuta maelezo yake, kwamba riaksheni inapita hatua kadhaa na kasi inaendeshwa na hatua ile ya polepole kuliko zote, na namba za mlinganyo peke yake hazikwambii hatua hiyo ni ipi. Wenzangu wengi darasani walibishana sana na hilo, mimi nilikua nishaliona kwenye bika.