Nilivyopima nyuzi za aktini kwenye seli hai bila kudanganywa na mng'ao

Kuziona nyuzi za aktini, ile protini inayojenga kiunzi cha seli, kwenye seli hai siku hizi si ishu, ishu ni kuzipima. Uzi mmoja una unene wa nanomita 7 hivi, darubini ya kawaida ya mwanga inagota kwenye nanomita 200 na ushee, kwahiyo unachokiona kama uzi mnene ni bando la nyuzi zimelala pamoja, afu mng'ao wenyewe unategemea seli imetengeneza alama (kile kitu kinachong'aa kinachoshika aktini) kiasi gani. Seli mbili zenye aktini sawasawa, moja imekula plasmidi (vipete vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza alama) nyingi nyingine kidogo, kwenye picha ni mbingu na ardhi.

Kwenye alama sikuhangaika sana. Faloidini, ile ya uyoga wenye sumu Amanita phalloides, inashika vizuri mno lakini haipenyi utando wa seli hai kirahisi, na ikishashika inazuia nyuzi zisivunjike, hiyo niliiachia seli zilizokwisha kufishwa kwa fomaldehaidi. Kubandika GFP, protini inayong'aa kijani, kwenye aktini yenyewe nako hapana, aktini ina kilodaltoni 42 unaibebesha mzigo wa 27, itajiunga vipi kama kawaida? Nikaenda na Lifeact, kipande cha amino asidi 17 kutoka protini ya hamira, kilichotangazwa 2008, hicho ndo kikabeba GFP.

Sasa Lifeact ina tabia zake. Ikizidi inagombania nafasi na kofilini, yani protini inayokatakata nyuzi, matokeo yake nyuzi zinarundikana na seli inabadilika hadi umbo, hapo unapima madhara ya alama yako mwenyewe. Dawa yake ni promota dhaifu (kipande cha DNA kinachoamua alama itengenezwe kiasi gani), halafu uwe mgumu wakati wa kuchagua seli. Jicho linapenda seli inayowaka, mi hizo nilikuwa naziruka. Nilizozitaka zilikuwa za kijivu, punjepunje, ukingo wake mstari mwembamba tu ambao lazima usogee karibu na skrini ndo uuone ukipanda na kushuka. Leza chini, maana mwanga mkali unapausha alama na kuichosha seli, na media, yani maji ya lishe ya seli, isiwe na rangi ya fenoli nyekundu kwasababu nayo inang'aa. Kamera ya biti 16 mwisho wake 65,535, ukikuta pikseli zimegonga hapo hiyo picha ni ya ukutani siyo ya kupimia.

Kitu kilichonipa namba za kuaminika ni rangi ya pili. Niliweka mCherry tupu, protini inayong'aa nyekundu, inayoelea tu ndani ya seli, hiyo inakuonesha unene wa seli, kwasababu karibu na kiini seli imevimba na kila kitu kinaonekana kingi hapo hata kama nyuzi ni chache. Unatoa kwanza mwanga wa sehemu isiyo na seli kwenye rangi zote mbili, ndo unagawanya Lifeact kwa mCherry. Bado haijaisha, Lifeact inashika pia aktini iliyo huru, tena kwa nguvu kuliko ya kwenye nyuzi, kwahiyo mwisho wa kila kipimo nilimwaga latrunkulini, dawa inayovunja nyuzi za aktini, nyuzi zikayeyuka, uwiano uliobaki baada ya hapo nikautoa kwenye ule wa mwanzo. Bila hiyo hatua namba yoyote naiona ni makisio tu.

Kupima kasi ya aktini inavyotiririka kulikuwa rahisi zaidi, maana haijali seli inawaka kiasi gani. Kwenye Fiji, programu ya kuchambua picha, nilichora mstari unaokata ukingo wa seli, programu ikapanga ule mstari wa kila picha ubavuni mwa mwenzake, aktini inayorudi nyuma ikatokea kama michirizi ya mshazari, mteremko wa mchirizi ndo mikromita kwa dakika. Hakikisha tu joto limetulia kwenye nyuzijoto 37 za Selsiasi kabla hujaanza, darubini ikiwa bado inapata joto fokasi inahama na michirizi inakuwa moshi.

Na kama unataka kuzuia miosini, protini inayovuta nyuzi za aktini, uone mtiririko unavyopungua, dawa yake blebistatini ya kawaida haipatani na mwanga wa bluu wa kuamshia GFP, inaharibika na kuwa sumu kwa seli, chukua ile yenye nitro au badilisha rangi zako, Lifeact iwe nyekundu na ya unene iende infraredi.