Gawio la Dhahabu Nilivyoliingiza Kwenye Bajeti ya Mama

Mdogo wangu anafanya kazi Johannesburg. Huko amekuwa akinunua kidogo kidogo hisa za AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita, mpaka zikafika 400. Mwaka 2025 akanipigia: "Dada, gawio lote, yaani fedha ambazo kampuni inawagawia wenye hisa, nitakuwa nakutumia wewe, usimamie mambo ya Mama." Mama anaishi Nyakato hapa Mwanza, ana dawa za presha za kila mwezi na mjukuu anayesoma bweni. Mimi nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba.

Mama naye ana redio. Kila akisikia dhahabu imepanda, simu inaita: "Mwanangu, imepanda tena, ya kwetu imeongezeka shilingi ngapi?"

Sikutaka kupanga ada ya shule kwa kusikiliza bei. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau habari za makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa unapelekwa nje kuyeyushwa. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia yasisafirishwe nje, na kampuni ya Acacia, waliokuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, wakasimamisha gawio mwaka huohuo. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa haijaanguka. Fedha ndizo zilikwama kuingia. Halafu Februari 2024 Newmont, kampuni ya dhahabu ya Marekani, walishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 40 za dola hadi 25 kwa hisa, huku wakia moja ya dhahabu ikiuzwa karibu dola 2,000. Walikuwa wametoka kuinunua kampuni nyingine ya dhahabu, Newcrest ya Australia. Kwa hiyo bei inaweza kuwa juu na mwenye hisa akapata pungufu.

Nikamwambia mdogo wangu aache kunitumia picha za bei, anitumie sera ya gawio ya kampuni yenyewe. Akaleta ile ya Februari 2025, tukaipitia kwa simu mstari kwa mstari. Ukiondoa maneno ya kujipamba, inasema hivi: kila hisa ina gawio la msingi la senti 50 za dola kwa mwaka, linalolipwa senti 12.5 kila robo. Juu ya hapo, kampuni inakusudia kugawa nusu ya fedha zinazobaki baada ya kulipia uendeshaji wa migodi, kodi, riba na mitambo. Nusu hiyo ikizidi kile cha msingi, wenye hisa wanaongezewa tofauti. Kuna na sharti la deni: likivimba kupita kiwango walichojiwekea ukilinganisha na mapato, nusu hiyo haina uhakika. Na mwisho wa yote bodi ndiyo inayotangaza; sera si mkataba.

Hapo sikuhitaji mwalimu. Biashara ya dagaa ndivyo ilivyo: kwenye giza mitumbwi inarudi imejaa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa nchi kavu, na mwenye akili hapangi kodi ya pango kwa mauzo ya giza.

Nikachukua kaunta buku, nikapiga mistari miwili. Mstari wa kwanza nikauandika DAWA. Hisa 400 mara senti 12.5 ni dola 50 kwa robo. Afrika Kusini wanakata kodi ya gawio asilimia 20, zinabaki 40. Malipo yanaingia kwa randi, kisha kuna gharama ya kutuma na kubadilisha, kwa hiyo huku inafika kama shilingi laki moja hivi, pungufu kidogo. Ninachoandika ni kilichoingia kwenye simu yangu, si kilichotangazwa. Laki hiyo inatosha dawa, basi. Mstari wa pili nikauandika ADA, nikauacha mtupu.

Wifi yangu alituchekesha kidogo. Aliona tarehe ya malipo, akataka kununua hisa zake wiki hiyohiyo apate naye. Tukamweleza kwamba anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa, na soko la Johannesburg linachukua siku tatu za kazi kukamilisha manunuzi. Tena siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Hakuna cha bure pale.

Agosti 2025 kampuni ikatangaza senti 80 kwa hisa: zile 12.5 za msingi na nyongeza ya nusu mwaka. Kwa hisa zetu ni dola 320, baada ya kodi 256, laki sita na kitu. Mama akaja juu: "Hela ya Geita hiyo, si tuezeke jiko?" Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha ule mstari mtupu. Akakaa kimya, kisha akasema jiko lake linavuja tangu masika. Ni kweli linavuja.

Za dawa nikazitoa palepale. Zilizobaki nikaziweka UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, kwenye Mfuko wa Ukwasi, kwa sababu mule unaweza kuzichukua haraka shule ikifungua Januari. Mabati tumeyasogeza mpaka Februari, kampuni inapotoa hesabu za mwaka mzima na kulinganisha nusu ile na ilichokwisha kulipa. Fundi ameshakuja kupima, anadai bando moja na nusu.