Nilivyochapisha makala ya Funu bila kulipa ada

Ninafundisha jiografia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na utafiti wangu uko Funu, mtaa ulioko Kadutu, ambako mlima unateremka polepole na nyumba zikiwa juu yake. Wakaaji wanaujua mwendo huo kuliko yeyote: ufa ukutani, mlango usiofungika tena, bomba la maji lililokatika. Nilitaka hayo yaandikwe na sisi tunaoishi hapa, tena yasomwe hapa.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa pesa. Jarida la kisayansi nililolitamani lilimdai mwandishi ada ya kuchapisha inayozidi mshahara wangu wa miezi kadhaa. Nature, jarida maarufu la sayansi, lilitangaza mwaka 2020 ada ya yuro 9,500 ili makala moja isomwe bure. Msamaha wa ada upo kwa nchi kama Kongo, ila masharti yake yasome mapema. Wachapishaji wengine wanataka uombe siku ileile unapotuma makala. Ukingoja ikubaliwe, umechelewa. Wengine wanadai waandishi wote watoke nchi maskini, kwa hiyo ukishirikiana na mtu wa Ubelgiji msamaha unakuponyoka.

Mimi nilipitia DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Mle unachuja hadi yabaki majarida yasiyotoza kitu, kisha unachagua lugha. Nilichagua Kifaransa, ili wanafunzi wangu wasome bila kuhangaika. Wachapishaji wanaokutumia barua pepe za sifa nyingi na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki, achana nao. Wanatafuta dola zako.

Mhakiki mmoja, yaani mtaalamu aliyeombwa na jarida kuikagua makala, aliuliza kwa nini msomaji wa mbali ajali mtaa mmoja wa Kongo. Swali hilo liliniuma, maana sijawahi kuona mtu wa Ulaya akiulizwa hivyo kuhusu kijiji chake. Nilijibu kwa kuieleza Bukavu zaidi: udongo wa mfinyanzi unaotokana na basalti, mwamba wa volkano, iliyooza, miteremko mikali, mvua, na watu waliokimbia vita vijijini wakajenga popote palipobaki. Vipimo vyote nikaviweka Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni iliyoko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013, inayotoa DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi) bila malipo, ili mwenye shaka ahesabu mwenyewe. Mhariri akakubali.

Vijana wa mtaa waliokuwa wakipima nyufa, iwe mvua au jua, majina yao yako kati ya waandishi. Kwenye sehemu ya shukrani niliwaweka wenye nyumba waliotufungulia milango. Kivu imetoa takwimu nyingi sana zilizobeba majina ya wageni peke yao, na mimi sikukubali kuendeleza desturi hiyo.

Mwisho niliandika muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili na ramani, nikapiga fotokopi na kuwapelekea mashefu wa avenyu, yaani viongozi wa mitaa midogo. Mmoja aliusoma wote tukiwa tumesimama uani kwake, akaniuliza, "Sasa mwalimu, mfereji tuanze kuchimba wapi?" Makala tunayoiandika sasa, mimi na vijana walewale, inajibu swali hilo.