Sufuria ya mtu mmoja

Nilipoachika nilirudi kwetu Makorora, Tanga, na sufuria zangu zote, zile za kupikia watu sita. Kwa miezi minne nikawa napika wali wa kilo nzima na kuugawa kwa majirani. Wakanisifu mkarimu. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu arudishe sahani ili tukae tupige soga. Usiku naiacha runinga iseme peke yake hadi adhana ya alfajiri.

Na mtaani kwetu ukikaa barazani peke yako, wa kwanza atauliza kama umenuna, wa pili kama unaumwa, wa tatu hakuulizi: anakwenda kusema una jini.

Usiku mmoja umeme wa luku ukaisha na kwenye simu sina hata senti. Nikakaa uani kwenye giza nikiusubiri woga. Waliokuja ni mbu tu.

Kuanzia hapo nikajipangia Jumapili, saa kumi na nusu jioni, Bustani ya Jamhuri, simu naiacha nyumbani. Jumapili ya kwanza sikumaliza hata robo saa. Mzee muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, akauliza, "Bibie, unamsubiri nani?" Nikamwambia uongo, kwamba shoga yangu yuko njiani. Ya pili, uongo uleule. Ya tatu nikasema, "Simsubiri mtu, babu." Akamimina kahawa, akaongeza kashata, akaenda zake. Mimi nilidhani ingekuwa kesi!

Nikabaki natazama bandari. Nilipokuwa mdogo meli zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa matishari. Siku hizi kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, zinakuja zenyewe gatini, taratibu mno. Ukiwa na mtu wa kuzungumza naye huwezi kuiona moja tangu mwanzo hadi ifungwe kamba. Ng'ambo kipo kisiwa cha Toten, na magofu yake ya misikiti. Nimekizoea kama jirani.

Lililonishinda kwa muda mrefu ni nazi. Kukuna nazi nzima kwa tumbo langu peke yangu niliona israfu, nikawa nakula mkate na chai. Mpaka nikaenda soko la Mgandini kununua sufuria ndogo. Muuzaji akaniuliza kama ni ya mtoto kuchezea. Jioni ile nikaketi juu ya mbuzi, nikakuna, nikapika changu wa nazi, nikapakua kwenye sahani ya maua niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya wageni.

Shangazi nilimwambia napenda faragha yangu. Akacheka hadi akafuta machozi: "Faragha ni ya watu wawili, mwanangu." Ramadhani bado siwezi, futari naifuata kwake.

Juzi jirani kanisimamisha bombani: "Shoga, siku hizi wali wako hatuuoni?" Nikamwambia aje Jumamosi. Jumapili sipo.